Mgonjwa wa Kwanza wa Sista

Kwa miaka mingi daktari wa macho hakutaka hata kusikia habari ya wauguzi kudunga wagonjwa. "Sindano ya ndani ya jicho ni kazi ya daktari," alisema. "Mkono ukiteleza, mtu kapofuka." Wauguzi nao hawakuililia kazi hiyo; jicho la mtu likiharibika, nani angebeba lawama? Foleni ikarefuka, wengine wakaingia gizani wakingoja zamu.

Ghafla daktari huyo mzee akageuza msimamo. Akamwita Sista, muuguzi mkuu wa kliniki, akamfundisha kwa macho ya mbuzi kutoka buchani, kisha kwa wagonjwa, mwenyewe kasimama nyuma yake kama kivuli. Hospitali ikatoa idhini. Watu wakanong'ona kwamba mzee kachoka, au karogwa.

Asubuhi ya kwanza ya Sista kufanya kazi peke yake, mlango ulifunguliwa akaingia daktari, bila koti jeupe, amevaa gauni la mgonjwa. Akapanda kitandani, akalala chali.

"Dokta, utani gani huu?"

"Si utani. Jicho la kulia. Fremu ya mlango naiona imepinda kama upinde."

Sista akamsogelea. "Tangu lini?"

"Tangu wiki niliyokuita nikufundishe. Sijamdunga mtu tena, naapa."

"Na uliponisimamia?"

"Kwa la kushoto."

Sista akaelewa. Kumbe wema wote ule ulikuwa hofu ya jicho lake mwenyewe!

"Mama watoto anajua?"

"Hajui mtu."

"Nenda hospitali nyingine, Dokta. Mimi siwezi."

"Huko ndiko wanakongoja hadi wanapofuka. Mganga hajigangi, mwanangu. Nidunge."

Sista akavaa glavu. "Nitakudunga. Lakini ukitoka hapa unawaambia wenzetu, na mama nyumbani."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

Sista akamtia ganzi, akasafisha, akabana kope kwa kibanio. "Tazama juu." Sindano ikazama. Vidole vya mzee vilikamata ukingo wa kitanda hadi vikawa vyeupe.

"Unaona nini?"

"Viputo vyeusi vinaelea." Akashusha pumzi. "Maana yake dawa imeingia."

Alipotoka mzee, Sista alifunga mlango. Akakaa kwenye kitanda kilichokuwa bado na joto la mzee, akalia bila sauti.

Mchana mzee aliwaeleza wenzake. Jioni akamweleza na mkewe. Jicho halikurudi kama zamani, ila halikuzimika. Kila mwezi hupanga foleni benchini na wagonjwa wenzake, akilalamika kwamba siku hizi wauguzi wa kliniki hii wanachelewa mno.