Tundu Kwenye Ukurasa wa Hannibal

Mwalimu Keziah Trembath alikata kitabu cha watu kwa mkasi wa kudarizi. Nalisema wazi hivyo kwa sababu kanisani kwetu wameshaanza kulipamba jambo hili. Wanasema vidole vilikuwa vinamuuma, wanasema alikuwa anawatumikia wasomi wa nchi nzima. Vidole vilimuuma kweli, lakini mkasi nao unashikwa kwa vidole.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kamusi. Mabwana fulani huko mbali walikuwa wanatunga kamusi ya Kiingereza chote, cha mababu na cha leo, na kwa kuwa wasingeweza kusoma kila kitabu wenyewe, waliomba watu wa kila mji wawasaidie. Unasoma kitabu cha kale, ukikutana na neno wanalolitafuta unanakili sentensi nzima kwenye kipande cha karatasi, unaandika mwaka na jina la kitabu, unapeleka posta. Malipo hakuna. Jina lako tu linachapwa pamoja na ya wasaidizi wengine. Mwalimu Keziah alilitaka jina hilo kuliko mtu anavyotaka chakula. Kulikuwa na kasisi mmoja kijana wa mji wa Penzance aliyekuwa akimpita kila mara kwa wingi wa karatasi, na ukimtaja tu, shingo ya mwalimu inakuwa nyekundu.

Mwaka ule walikuwa wanasaka mifano ya neno "kwa uroho". Alinieleza mwenyewe jikoni kwangu, huku akimega mkate wangu wa zafarani.

"Ya chakula wanayo tele, Thomasine. Fulani alikula kwa uroho, fulani alirundika dhahabu kwa uroho. Hiyo hata wewe ungeipata. Wanachokosa ni ile ya zamani, neno lilipokuwa bado safi. Mtu alisali kwa uroho, alisikiliza mahubiri kwa uroho, na watu wakamsifu. Maana yake alikuwa na njaa ya kitu chema."

"Na leo?"

"Leo ukisema mtu kasali kwa uroho, watu wataenda kuhesabu sadaka."

"Hicho ni kipande cha tatu, mwalimu. Unakula kwa uroho wa zamani au wa siku hizi?"

Alicheka, akakimaliza.

Kitabu alikiazima kwa Shangazi Loveday Nankervis, ambaye nyumba yake na yangu zinashikana ukuta. Si shangazi yangu wa damu. Huku kwetu mtu akizeeka na wema wake anakuwa shangazi wa kila mtu. Macho yake yalishaingia utando, hakuona hata mkono wake mwenyewe. Kilikuwa kitabu cha mahubiri, kikuukuu, jalada la ngozi limepasuka mgongoni, na kilikuwa cha marehemu mumewe, Hannibal. Hannibal alikuwa akimsomea kila Jumapili baada ya chai. Jumapili ya mwisho aliupenda ukurasa mmoja akausoma mara mbili, akaukunja pembe. Kesho yake mgodi wa bati ulimfunika, na mwili haukupatikana. Kwa hiyo Shangazi hakuwa na kaburi la kwenda kusimama. Alikuwa na kile kitabu, na alikitoa kwa mwalimu kwa sababu mwalimu ndiye aliyemfundisha mwanawe Digory kusoma.

Kilikaa kwa mwalimu kipupwe kizima.

Masika yalipoingia Shangazi akaugua kifua, na sote tukajua hatainuka. Akaomba kitabu chake. Mwalimu alikileta amekikumbatia, uso mweupe, nikadhani ni huruma. Digory alikuwa ameketi miguuni pa kitanda, na mimi nilikuwa nyuma ya kiti cha mwalimu na bakuli la supu.

"Nisomee ule wa pembe iliyokunjwa, Keziah," Shangazi akasema. "Maneno yenyewe yameanza kunipotea. Nataka niyasikie kabla sijaondoka."

Mwalimu akaufungua. Nami juu ya bega lake nikaona katikati ya ukurasa kuna tundu, limekatwa vizuri pande zote nne, na ndani yake yanaonekana maneno ya ukurasa wa chini.

Akasoma mpaka ukingoni mwa lile tundu. Kisha akaendelea kusoma pasipo na kitu. Aliyatunga pale pale. Yalikuwa maneno matamu, ya mtu aliyesoma sana: watu wakilifuata neno kama kondoo wanaoshuka bondeni kwenye maji. Supu ilinimwagikia kidoleni.

Shangazi alitabasamu machozi yakimtoka. "Ndiyo hayo. Kondoo! Nilikuwa nimewasahau kabisa. Digory, siku ya kunizika, mwalimu anisomee huu huu."

"Sawa, Mama."

Nilimfuata mwalimu hadi kwenye kibanda cha kuni, nikamshika mkono.

"Umefanya nini wewe?"

"Nilianza kunakili, Thomasine, kalamu ikawa inaniponyoka. Nikasema nikate hiki kimoja tu. Wengine wanakata, wanatuma kipande chenyewe kilichochapwa."

"Kimoja tu?"

Aligeuzia uso kwenye kuni.

"Niliwaza kwamba haoni," akasema. "Hilo ndilo nililowaza, kabisa, nikiwa nimeshika mkasi. Kwamba haoni."

Aibu ilinishika mimi kwa niaba yake, nikamwachia mkono. "Mwambie. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi sina maneno mazuri kama yako."

Aliomba muda awaandikie wale mabwana wamrudishie kipande chake. Nikampa, na hadi leo sijui kama nilifanya vyema. Siku zile Shangazi alikuwa na raha ajabu. Nikimgeuza kitandani namsikia ananong'ona, kondoo, bondeni, maji. Alimfundisha Digory. Aliwafundisha wanawake waliokuja kumtazama. Mwalimu alipita dirishani akasikia, akarudi kwake bila kuingia.

Jibu lilikuja. Kipande kilishabandikwa na kupangwa na maelfu ya wenzake, hakiwezi kutoka, lakini mmoja wa mabwana wale alikuwa muungwana, akamnakilia sentensi nzima kwenye karatasi safi kwa mkono wake. Wakamshukuru pia. Walisema hawakuwa na mfano mzuri kama ule wa maana ya zamani.

Mwalimu akaja na karatasi ile. Hakuketi. Alimwambia Shangazi kila kitu, mkasi, tundu, na lile la macho pia, ingawa hakuna aliyemlazimisha kulisema. Digory alisimama nusu, akaketi tena.

Shangazi aliigeuzia uso sauti ya mwalimu.

"Kwa hiyo wale kondoo?"

"Ni wangu, Shangazi. Maneno nimeyatunga mimi. Lakini ninayo ya kitabu hapa, ya kweli, neno kwa neno."

"Soma."

Akasoma. Watu wa mji walitoka wakalikimbilia neno kwa uroho, kila mmoja akihofia litaisha kabla hajafika. Basi, hayo tu. Kusema kweli yalikuwa makavu kidogo ukiyaweka kando ya yale mengine.

"Rudia."

Akarudia. Shangazi aligeuza kichwa upande wa ukutani, midomo ikijaribu kuyashika, ikishindwa.

"Siyajui," akasema. "Hapo mwanzo nilikuwa nakumbuka kidogokidogo. Sauti ya Hannibal ilikuwa inafika mahali fulani, kisha inakatika. Sasa nikiisikiliza inasema kondoo. Nimelala na maneno yako siku zote hizi, Keziah, nikidhani nimelala na ya mume wangu."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Lakini siwezi kuyatoa kichwani." Akapapasa shuka mpaka akaupata mkono wa mwanawe. "Digory, siku yangu msisome kitu. Imbeni tu."

Tulibaki pale sote. Mwalimu alikuwa bado ameikunjua ile karatasi safi mbele yake, na hakuna aliyemwambia aketi wala aliyemwambia aende.