Viti Kumi na Kimoja Nyuma ya Ukuta

Mwashi mmoja aliingia asubuhi katika ofisi ya kikundi cha kujitolea akiwa amembeba baba yake mgongoni, akauliza kama hapo ndipo kwa fundi viatu. Mama Kadi akamwambia fundi viatu alishahamia upande wa pili wa barabara. Kisha akamtazama mzee pale mgongoni, miguu inaning'inia, akauliza, "Mzee wetu hana kiti cha magurudumu?"

"Bei zake hazishikiki, mama. Miezi minane natafuta kwenye simu kama kuna pa kuazima. Sijaona kitu."

Mama Kadi aliinuka. Alifungua mlango wa nyuma, akawasha taa ya stoo. Viti kumi na kimoja vya magurudumu vilikuwa vimepangwa ukutani, vimefunikwa nailoni, na pembeni magongo yamefungwa mafungu mafungu. Vyote vilikuwa vya kuazimwa bure.

Mwashi alivitazama, kisha akaugusa ukuta nyuma yake. "Nyumba yangu ni hiyo ya jirani yenye geti la bluu," akasema. "Ukuta huu ndio ukuta wangu."

Mzee mwenyewe ndiye aliyeamua. "Basi nishushe, mwanangu. Umenibeba vya kutosha."

Siku hiyo Mama Kadi alirudi nyumbani akaacha chakula mezani. Alikuwa mkutubi kwa miaka thelathini na mbili, na jina lenyewe alilipata kwa sababu ya kadi alizokuwa akiziandika kwa mkono, kila kitabu na kadi yake. Maisha yake yote kazi ilikuwa moja: mtu akihitaji kitu, akipate. Sasa amestaafu, anajitolea kwenye kikundi cha watu tisa wanaokusanya viti na magongo, wanavitengeneza na kuviazimisha, na mtu amembeba baba yake mgongoni miezi minane, ukuta tu katikati.

Tovuti ya kikundi ilikuwa mali ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi redio mstaafu. Aliitengeneza peke yake miaka saba iliyopita, na ukiigusa tovuti umemgusa jicho. Ilikuwa na picha ya dunia inayozunguka, maandishi yanayotembea kutoka kulia kwenda kushoto, na picha ya wanachama wote siku ya uzinduzi. Ukurasa ulichukua muda mrefu kufunguka, ungeweza kuosha vyombo ukarudi.

Kwenye mkutano wa Jumamosi Mama Kadi alilisema bila kuzunguka. "Shemeji, tovuti yetu haionekani."

"Haionekani vipi, shemeji? Mimi naiona kila siku."

"Unaiona kwa sababu unaijua anwani. Wanaoijua ni wewe, mimi na seremala."

"Mimi siijui," akasema seremala wa kikundi, yule anayetengeneza magongo. Watu wakacheka. Shemeji hakucheka. Akasema kama kuna mtu anaweza zaidi yake, achukue. Alisema kwa hasira, lakini alishasema, na Mama Kadi aliandika kwenye daftari la mkutano kwamba amekabidhiwa tovuti.

Alianza pale alipopajua. Wiki mbili mfululizo alikwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje hospitalini, akiwaonyesha waliowaleta ndugu zao picha ya kiti na ya magongo na kuwauliza: ungetaka kukipata kitu hiki kwenye simu, ungeandika nini? Wakamjibu. Kiti cha matairi cha kuazima. Kiti cha kusukuma mgonjwa. Magongo ya mtu aliyevunjika mguu. Mama mmoja akasema yeye angeandika tu, "baba hawezi kutembea nifanyeje." Kwenye tovuti yao iliandikwa "Vifaa Saidizi vya Utembeaji." Hakuna hata mmoja aliyetamka hivyo.

Alijifunza mengine kwa kusoma na kukosea. Aligundua kuwa shemeji aliyaandika maneno yote ndani ya picha, yapendeze rangi, na mtambo wa kutafuta mtandaoni hausomi maneno ya namna hiyo kama unavyosoma maandishi ya kawaida. Kurasa zote zilikuwa na kichwa kimoja: "Karibu." Namba ya simu nayo ilikuwa ndani ya picha, chini kabisa, huwezi hata kuibonyeza. Mama Kadi akaiondoa dunia. Akaupa kila uhitaji ukurasa wake na kichwa chake, kwa maneno ya watu wa benchini. Namba ya simu akaiweka juu, kubwa, unagusa inapiga.

Akamaliza. Akangoja. Kila asubuhi aliandika kwenye simu, "kiti cha matairi cha kuazima," akateremka ukurasa baada ya ukurasa. Zikatoka hoteli, maduka ya samani, hata baiskeli. Wao hawamo. Wiki ya tatu alianza kujiona mjinga aliyeharibu kazi ya mtu bure.

Wiki ya nne, akipekua mipangilio ya tovuti mstari kwa mstari, alikutana na kisanduku kidogo chenye tiki. Pembeni kimeandikwa: zuia mitambo ya kutafuta isisome tovuti hii. Aliyasoma maneno hayo mara tatu. Kisha akampigia shemeji, akamwomba aje, hakumwambia kwa nini.

Shemeji alikuja, akaketi, akavaa miwani. Mama Kadi akamwonyesha kile kisanduku.

"Niliweka mimi," akasema. "Wakati naijenga, nilitaka watu wasiione kabla haijakamilika."

"Na ilipokamilika?"

"Nilisahau." Alivua miwani. "Miaka saba, shemeji. Yule mwashi..."

"Toa wewe mwenyewe," Mama Kadi akamwambia, akamsogezea kompyuta.

Akabonyeza. Tiki ikatoka. Jumamosi iliyofuata shemeji alisimama mkutanoni akalieleza jambo lote kwa mdomo wake, bila kuombwa, na Mama Kadi alitazama meza ili asimwongezee aibu.

Baada ya siku tisa walionekana ukurasa wa tano wa matokeo. Baada ya wiki mbili, wa pili. Jumanne moja Mama Kadi aliandika maneno yale yale, na jina la kikundi likawa la kwanza kabisa juu, mbele ya maduka yote. Alimpa simu seremala aandike kwa namna yake. La kwanza. Shemeji akaandika, "baba hawezi kutembea nifanyeje." La kwanza. Shemeji alipiga meza kwa kiganja, mara moja, akasema, "Tumewapita wote."

Simu ilianza kulia siku hiyo hiyo, haikukoma. Viti viliondoka kimoja kimoja, vingine kwenda miji ambayo hakuna aliyewahi kufika. Kisha akapiga muuguzi mkuu wa hospitali moja ya mbali: amewaona mtandaoni, ana viti ishirini na sita vinavyohitaji matengenezo tu, je, watavichukua? Seremala akaomba meza ya pili ya kazi. Shemeji alijipa kazi ya kupokea simu, na ikajulikana kuwa ana sauti nzuri ya kutuliza watu.

Vile ishirini na sita navyo vilitengenezwa, vikaisha. Ijumaa moja stoo ilibaki sakafu tupu. Mama Kadi alikaa kwenye kompyuta, akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika: "Kwa leo viti vyote viko kazini. Tuachie namba yako, tutakupigia." Alisoma tena, akahakikisha maneno si picha, akauchapisha. Shemeji, sikio kwenye simu, tayari alikuwa anaandika namba ya kwanza.