Citoyen Moto Moja wa Bisanduku

Jumanne ya pili ya mwezi wa tisa, saa nane mchana, Ngosa alikuwa kwenye bomba la Katuba, wa kumi na saba katika mstari, ndoo mbili miguuni, mtu alipopita akisema kwamba Bisanduku inaungua.

Bisanduku ilikuwa nyuma ya Katuba, ng'ambo ya kijito, mahali ambapo ramani ya zone, yaani wilaya, inaishia. Nyumba zake zilijengwa kwa mbao za masanduku yaliyoleta mashine za migodi kutoka Ulaya, na kwenye kuta nyingi bado ungeweza kusoma, kwa herufi nyeusi, HAUT na BAS, yaani juu na chini. Mara nyingine BAS ilikuwa juu. Waliokaa humo walikuwa wauza makala (ndiyo makaa ya kupikia), wajane wa wachimbaji, na vibarua walioachishwa kazi. Hakuna nyumba iliyokuwa na numéro, namba ya mlangoni, na asiye na numéro hakuandikwa popote.

Lori la pompier, wazima moto, lilifika upesi. Lilisimama kwenye daraja, na dereva akatoa kichwa nje.

“Ni avenue gani?”

Watu wakamwonyesha moto kwa mkono. Dereva akasema anauona, lakini yeye ameuliza avenue.

“Avenue haiko, baba! Kuko nyumba tu, zinawaka!”

“Na numéro?”

Hakukuwa na numéro. Dereva aliweka fomu yake juu ya usukani, akangoja nusu saa huku injini ikinguruma, labda mtu angekumbuka namba yoyote. Kisha akarudi kinyumenyume mjini, tangi likiwa limejaa.

Katika nyumba ya Ngosa, mojawapo ya zile zilizokuwa zikiwaka, alikuwa amelala mtoto wake wa pekee aliyeitwa Mimi, mwenye miaka sita, aliyeshikwa na malaria tangu Jumapili.

Jioni redio ilitangaza kwamba vibanda kadhaa visivyo na watu vimeteketea na hakuna aliyeumia. Katuba, wenye numéro walisema kwamba watu wa Bisanduku wanakunywa pombe ya lutuku mchana kutwa na kuangusha mbabula zao, majiko ya makala, na mbabula ikianguka na makala yake ndani, wa kulaumiwa nani? Mama mmoja kutoka mtaa wa wakubwa wa Kampuni ya migodi alileta gunia la nguo. Ndani yake mlikuwa na tai kumi na nne, ambazo mwaka ule zilikuwa zimepigwa marufuku. Jumapili, baada ya misa, familia nzima nzima zilikuja kutazama majivu zikiwa zimevaa vizuri, na wauza karanga wakazifuata.

Lakini kabla ya Jumapili hiyo alikuja délégué, mjumbe wa serikali.

Alikuwa ametoka Kinshasa wiki tatu tu zilizopita na Kiswahili hakuwa nacho. Abacost yake, suti ya serikali isiyovaliwa tai, ilikuwa ya rangi ya maziwa, basi alibaki ndani ya jeep kwa sababu ya majivu, akamwita mtu wa kwanza aliyemwona. Alikuwa Ngosa, aliyekuwa akichambua majivu ya nyumba yake kwa kijiti. Délégué akamuuliza kwa Kilingala:

“Moto nani afandaka awa?”

Yaani, ni mtu gani anayekaa hapa. Kwa maana katika Kilingala, moto ni mtu. Ngosa, ambaye hakuwa amelala siku mbili, alisikia neno moja tu analolijua. Tangu jana polisi walikuwa wakiwasumbua watu kwa swali hilo hilo: moto ulianzia mahali pamoja au pengi? Akajibu alivyowajibu polisi:

“Moto? Ilikuwa moto moja. Moto moja tu.”

Délégué akaandika. Jina: Moto. Jina la pili: Moja. Alifurahi kuona hakuna Jean wala Joseph mbele yake, na pembeni akaongeza kwamba mkazi huyu amefuata vizuri agizo la majina ya asili. Kwenye kazi aliandika journalier, kibarua wa siku, kama alivyowaandika wote wasioeleza kazi yao. Idadi ya wakazi wa Bisanduku: mmoja. Waliofariki: hakuna. Akagonga muhuri juu ya goti lake, na jeep ikaondoka.

Baada ya wiki tatu karata ya utambulisho ilifika. Ililetwa na Mukuka, chef de quartier, mkuu wa mtaa, ambaye alikuwa akiitwa Casimir kabla majina ya Kizungu hayajakatazwa. Watu walikuwa wamekwisha jenga tena, kwa mbao zilizosalia na vipande vya bati. Mukuka akasimama katikati ya njia, akamwita raia huyo kwa jina:

“Citoyen Moto Moja!”

Aliita mara tatu. Mara ya tatu Moto alitoka katika mbabula ya mama Mwansa, jirani wa Ngosa, akaruka ukingo wa bati, akaja kusimama mbele yake. Alikuwa na kimo cha mtu mzima, mwembamba kiunoni, na kwa kuwa asubuhi ile hakukuwa na upepo, alisimama wima.

“Citoyen, unachelewa,” Mukuka akasema.

“Nilikuwa ku kazi.”

“Weka kidole hapa.”

Moto akaweka kidole. Karatasi ikatoboka. Mukuka akaitazama juani, akasema si kitu, alama inaonekana vizuri. Nafasi ya picha waliiacha wazi, sababu mpiga picha alisema mwanga ni mwingi mno.

Tangu siku ile watu wa Bisanduku walibadili namna ya kusema. Zamani moto uliingia. Sasa Moto aliingia. Zamani uliwaka, sasa aliamka. Tena mtu mwenye karata ana mambo ambayo hawezi kuyafanya. Hawezi kuingia nyumba ya watu bila kubisha hodi, wala kupanda juu ya kitanda cha mwingine, wala kuruka ukuta. Moto alifuata hayo yote. Asubuhi alipita mlango kwa mlango akiuliza, “Kazi iko?” na wanawake wakamwajiri: huyu maji ya kuoga, yule bukari, yaani ugali, mwingine pasi. Jumamosi alikwenda kwenye salongo, kazi ya lazima ya usafi, na wenzake, akapewa kuchoma takataka za mfereji, na akaondoka mwisho. Mwezi wa kumi, upepo mkali wa kiangazi ulipovuma, mama Mwansa alimkaripia, “Weye, shika njia yako!” naye akashika njia yake.

Ngosa peke yake hakumwajiri. Alikula karanga mbichi na muhogo mbichi, alikunywa maji baridi, alioga maji baridi. Moto alipofika mlangoni kwake alisimama kidogo, hakuuliza kitu, akapita.

“Mama Mimi, utakonda mpaka wapi?” Mwansa alimwambia siku moja, akimletea sahani iliyofunikwa. “Kula hii bukari kidogo.”

“Nani aliipika, yaya?” Ngosa akauliza, akimwita dada mkubwa.

Mwansa akairudisha sahani kifuani kwake.

“Basi miye nimeshiba,” Ngosa akasema.

Mimi alikuwa amezikwa kando ya ukuta wa makaburi, na Ngosa alikuwa amechonga msalaba. Lakini mlinzi hakumruhusu kuuweka ukiwa na jina. Jina linatoka kwenye cheti cha kifo. Bila cheti aweke jiwe akitaka, jiwe lisilosema kitu. Na mvua ikianza, makaburi yasiyo na jina husawazishwa ili wengine wapate nafasi. Alimwambia hivyo bila ubaya wowote, huku akimwonyesha mstari uliokwisha sawazishwa. Kulikuwa kumeota nyanya za porini.

Ngosa akaenda kwenye ofisi ya zone, état civil, wanapoandika vizazi na vifo. Karani pale alikuwa citoyen Numbi, mtu wa heshima, mwenye mwandiko mzuri.

“Nani anadéclarer kifo?”

“Ni miye, mama yake.”

Numbi akafungua rejista, akapitisha kidole.

“Mama, weye hauko.”

“Niko hapa mbele yako, baba.”

“Hapa uko. Mu kitabu hauko. Déclarant, mwenye kutangaza kifo, anapashwa kuwa mukaaji mwenye kuandikwa.”

Alirudi mara ya pili, na ya tatu, na kila mara Numbi alifungua rejista kwa uaminifu, kwani huenda kitu kilibadilika. Mara ya nne wingu la kwanza lilikuwa limekwisha kaa juu ya mlima wa slag, mabaki meusi ya madini ya Kampuni. Numbi alimhurumia.

“Mama, sikia. Mu Bisanduku kuko muntu moja tu mwenye kuandikwa. Umulete yeye, itakwisha dakika tano.”

“Ni nani?”

“Moto Moja. Journalier.”

Njia ya kurudi ni ya saa moja. Ngosa aliitembea mchana wote.

Kesho yake asubuhi, kwa mara ya kwanza, aliweka mbabula mlangoni na makala matatu ndani. Moto alifika.

“Kazi iko?”

“Iko. Lakini si ya sufuria.”

Moto akaketi juu ya makala.

“Mutoto wangu unamujua?” Ngosa akauliza.

“Namujua.”

“Aliniita?”

“Hapana. Moshi ilifika mbele yangu. Nilimukuta analala.”

Kala la kwanza likawa jeupe. Ngosa akajifunga kikwembe, kitenge chake, vizuri.

“Utaenda kusema ile ku zone. Na mudomo yako.”

“Twende,” Moto akasema.

Walitoka wawili. Kwenye daraja Mwansa aliwafikia, na sufuria bado mkononi. Nyuma yake alikuja fundi viatu, kisha wauza makala, kisha wote. Moto alitembea katika barabara ya Katuba, mkono wa kulia, kama sheria inavyotaka, na taxi-bus zikapunguza mwendo. Kwenye kizuizi gendarme alimsimamisha, akadai karata, akaigeuza mara mbili, akamrudishia haraka akipuliza vidole.

“En ordre. Pita.”

Ndipo furaha ilipowashika watu, kwani hakuna mtu wa Bisanduku aliyewahi kupita kizuizi kile bila kurudishwa. Mlevi mmoja aliyekaa mbele ya baa akapiga kelele:

“Eh, bamama! Kumbe munatembeza mbabula yenu sasa?”

“Na weye nani anakutembezaka?” Mwansa akamjibu. “Ule iko na carte. Yako iko wapi? Ulikunywa?”

Baa nzima ikacheka, na nusu yake ikaingia katika msafara. Mwansa akageuza sufuria, akaipiga kama ngoma, akaanza kuimba:

“Moto iko mu kitabu!”

Na wote wakaitika:

“Na siye? Na siye je?”

Waliimba hivyo mpaka mjini. Wanawake walipiga vigelegele, wazee waliokuwa wamesahau kucheza wakacheza. Kwenye madirisha ya maduka watu walisimama kuwatazama watu mia mbili na zaidi wakipita kama wenye harusi, na mbele yao mama mmoja mwembamba na Moto, bega kwa bega, ingawa kwa umbali wa hatua tatu.

Ofisini, mstari ulikuwa mrefu. Moto hakutaka kumruka mtu. Aliketi kwenye benchi la chuma, na waliokuwa kwenye benchi hilo wakakumbuka kazi zao mahali pengine. Hivyo zamu ikafika upesi. Numbi hakuinua kichwa.

“Carte.” Akaisoma. “Bien. Citoyen Moto, unamujua marehemu?”

“Ndiyo.”

“Ulikuwako saa ya kifo?”

“Nilikuwako.”

“Jina ya marehemu?”

Moto akamtazama Ngosa. Jina hilo hakutaka kulitaja yeye.

“Mimi,” Ngosa akasema.

“Mama, siulizi weye. Nauliza marehemu.”

“Mimi njo jina yake.”

Numbi akaweka kalamu chini. “Mimi? Ile ni jina ya Kizungu. Imekatazwa. Siwezi.”

Ngosa akasogea mpaka kwenye meza.

“Ni Kiswahili, baba. Kiswahili ya ku masomo. Mimi, ni kusema miye. Ni jina ya asili kuliko yako.”

Numbi alifikiri. Akalitamka jina polepole, mara mbili, akijigusa kifua. Kisha akatikisa kichwa kwamba ni kweli, akaandika.

“Sababu ya kifo?”

“Miye,” Moto akasema.

“Muntu si sababu. Niandike ugonjwa ao ajali?”

“Andika miye.”

Numbi alitazama nafasi iliyokuwa tupu, akatazama karata, akaona kwamba kwa upande wa tahajia hakuna tatizo. Akaandika: Moto. Akapuliza wino, akagonga muhuri mara tatu, akampa Ngosa karatasi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mkubwa.

Ngosa alikuwa amesoma mpaka mwaka wa tano, na alisoma mstari ule kwa kidole. Halafu akausoma tena kwa sauti, hapo hapo mbele ya meza, jina, umri, siku, mahali. Alitoka nje akiwa ameinua karatasi juu ya kichwa. Yowe lililompokea liliwafanya njiwa waliokuwa juu ya paa la posta waruke wote kwa pamoja. Mwansa alimbeba mgongoni kama mtoto. Msalaba ulikuwa umekwisha letwa, na fundi viatu alikuwa na rangi nyeusi na brashi. Wakaelekea makaburini moja kwa moja, Moto akitangulia kusafisha njia iliyoota majani, bila kugusa jani moja la upande.

Numbi alikuwa hajamaliza. Kila kifo kinapaswa kuhamishiwa kwenye ukurasa wa mtaa, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Akafungua ukurasa wa Bisanduku. Wakazi: mmoja. Waliofariki: mmoja. Akapiga mstari kwa rula, akatoa, akaandika chini yake: Waliobaki, hakuna. Kwa hiyo mtaa usingehitaji bomba, wala numéro, wala lori la pompier, na hilo pia aliliandika mahali pake. Alikosea tarehe mara mbili, kwani wale ambao hawakuwako walikuwa wakiimba kwa nguvu kiasi kwamba ilimbidi ainuke kufunga dirisha.