Kigelegele cha Shangazi Mwaisha

Mwanvita alipoifungua karatasi ya kura na kukuta imeandikwa "mdai", alitamani ardhi ipasuke immeze. Ilikuwa fainali ya mashindano ya mahakama ya mfano ya shule za sekondari, ukumbi mmoja wa mjini Morogoro umejaa pomoni, na kesi waandaaji walikuwa wameitunga hivi: mwanamume wa Uluguru amefariki, ukoo wake unaitaka ardhi, mjane na watoto hawataki kutoka. Mdai ni ukoo. Yaani Mwanvita wa kidato cha tatu, mtoto wa Kinole, huko huko milimani Uluguru, asimame mbele za watu awafukuze mjane na watoto shambani.

Na nyumbani kwao jambo hilo hilo lilikuwa la kweli. Baba yake, marehemu Stambuli, hata arobaini yake haikuwa imepita pale shangazi Mwaisha, dada wa marehemu, alipokuja kumwambia mama afunge virago arudi kwao. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Shamba alilolima Stambuli lilikuwa la ukoo wa mama yake, ukoo wa akina Mwaisha, na watoto wake ni wa ukoo mwingine, wa mama yao. Hilo hakuna aliyelibishia. Lakini midalasini na mikarafuu iliyosimama humo waliipanda Stambuli na mkewe kwa mikono yao, na huko kwao mama ardhi ya ukoo ilikuwa imekwisha kugawanywa yote. Shauri lilikuwa linangoja baraza la kata. Siku ya fainali mama hakuja mjini, kwa sababu akiliacha shamba kutwa nzima angerudi akute midalasini imechunwa magome.

Aliyekuja ni shangazi. Alikaa safu ya mbele na kanga mpya, simu mkononi. Mwanvita alimwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba ya puani.

"Nasikia umeangukia upande wa ukoo," shangazi alisema. "Sema vizuri, mwanangu. Nakurekodi, nitawapelekea wazee wa baraza wakusikie."

Mwanvita alimkimbilia Mwalimu Prisca, aliyewaleta mashindanoni, akaomba abadilishwe. Mwalimu akamwambia wakili hachagui mteja, na shule nzima haikushuka mlimani kuja kuangalia mtu analia. Basi akaamua kushindwa. Angeongea ovyo, angejikwaa makusudi, Mwaisha arudi Kinole na video ya mtoto anayebabaika.

Na angeshindwa vizuri tu, kama si Twalibu.

Twalibu alikuwa wakili wa mjane, kijana wa shule moja ya Mafiga, pale pale mjini, tai imenyooka, na dharau ilimkaa mwilini kuliko hiyo tai. Alisimama akaanza kuwacheka watu wa milimani. Kila neno lake lilimsaidia mama yake Mwanvita, na kila neno lilimchoma Mwanvita moyoni.

"Mheshimiwa hakimu," alisema, "marehemu huyu alikuwa mtumwa wa dada zake. Amelima maisha yake yote shamba lisilo lake, amekufa hana kitu. Mila hizi ni za wajinga wa porini."

Ukumbi ukacheka. Mwanvita akamwona baba yake anarudi shambani jioni, miguu imejaa udongo mwekundu, anaimba. Mtumwa? Mjinga? Hasira ikampanda, na mama yake akamtoka kichwani kabisa.

Alisimama akasema kama mtu aliyetukanwa, kwa kuwa alikuwa ametukanwa. Alisema ardhi huwekwa kwa akina mama ili binti wa ukoo asilale nje hata siku moja, aolewe, aachwe, afiwe. Alisema huko milimani mlevi hawezi kuamka asubuhi akauza shamba la watoto, ndiyo maana milima ile ina wenyewe mpaka leo, wakati watu wa mjini wameuza hata uwanja wa kuanikia mpunga. Shangazi alipiga makofi mpaka simu ikatikisika.

Twalibu alipopewa nafasi ya kuuliza, alimsogelea akitabasamu. "Kwa hiyo ukoo wenu unakula jasho la marehemu?"

"Hatuli jasho la mtu," Mwanvita alijibu. "Ardhi ni ya ukoo, mti ni wa aliyeupanda. Ukoo ukiitaka ardhi yake, umlipe mjane miti yake kwanza. Kabla ya kulipa usiguse hata jani. Sisi si wezi."

Hapo shangazi Mwaisha alishindwa kujizuia. Ukoo wake ulikuwa umesafishwa mbele ya watu wa mjini! Alisimama akapiga kigelegele, na Kinole nzima hakuna harusi ambayo haijakisikia kigelegele chake.

Wakashinda, Mwanvita akavishwa medali. Shangazi akamkumbatia Mwanvita, akasema hiyo ndiyo damu ya kaka yake. Ndani ya kumbatio hilo Mwanvita akamkumbuka mama, akajua kwamba mdomo umemponza.

Mama hakumgombeza. Alisikiliza habari yote akiwa anapepeta mchele, kisha akasema medali hiyo asiiingize ndani ya nyumba.

Siku ya baraza shangazi hakuleta shahidi mwingine. Alisema shahidi wake ni mtoto wa mjane mwenyewe, akawasogezea wazee simu. Sauti ya Mwanvita ikatoka, kali, inautetea ukoo, na wazee wakawa wanatikisa vichwa kukubali. Mama aliinamisha uso. Makofi yalipoanza kusikika, shangazi akaizima video kwa kidole gumba, akasema hayo yanatosha.

Mwanvita akakumbuka kilichofuata. Akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba video iendelee."

Shangazi alisema simu imeisha chaji. Mzee Hatibu, mwenyekiti, alinyoosha kiganja mpaka simu ikawekwa humo. Chaji ilikuwepo tele. Wazee wakasikia swali la Twalibu, wakasikia na majibu: ardhi ni ya ukoo, mti ni wa aliyeupanda, kabla ya kulipa usiguse hata jani. Kisha kikalia kigelegele, kikajaza chumba.

"Kigelegele hiki ni cha nani?" Mzee Hatibu aliuliza.

Wote wakamgeukia shangazi, aliyekuwa ameyashangilia maneno hayo mwenyewe. Usuluhishi wa wazee ukawa kwamba mama abaki shambani mpaka ukoo umlipe miti yote, na kila aliyekuwa mle alijua akina Mwaisha hawana cha kulipia hata nusu ya mikarafuu ile.

Nje, shangazi alimsubiri Mwanvita mlangoni.

"Ulinitega," alimwambia.

"Sikukutega, shangazi. Nilikuwa namtetea kaka yako."

Shangazi akatema mate chini akaondoka.

Jioni ile mama mwenyewe aliitundika medali ukutani. Lakini mpaka leo Mwanvita akikutana na shangazi Mwaisha njiani humwamkia shikamoo, na shangazi hupita.