Mfichauso kwenye Kibao cha Kaburi

“Huandiki jina la mnyama kwenye kaburi la baba—”

“Ni jina la mama, si la—”

“La mnyama! Kakakuona! Huko msituni kwa baba mdogo wanamwita Mfichauso, nani asiyejua?”

“Dada, hizo kelele ndizo zitakazokausha rangi?”

Mama wa hao ndugu wawili alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama mzigo uliosahauliwa stendi. Karakana ya mwanawe, mchora vibao, ilinuka tina ya kuzimulia rangi. Ubao mweupe ulikuwa na mstari mmoja tu: Hapa amelala mume wa…

Tangu amuoe, mumewe hakumwita jina jingine. Mfichauso, chai iko wapi? Mfichauso, umelala? Naye aliitika, huku kijiba kimemkaa moyoni. Mnyama wa magamba, akiguswa anajiviringisha, watu wanamzunguka wanacheka. Ndivyo alivyoniona? Hakuuliza hata siku moja. Sasa wa kuulizwa yuko chini ya udongo.

“Baba yenu alikuwa ananicheka?” mama aliuliza.

Ugomvi ukakatika. Mchora vibao akafuta mikono kwenye suruali, akampigia simu baba mdogo, aliyepasua mbao msituni pamoja na marehemu tangu ujanani. Akafungulia spika.

“Mmeanzia mkiani nyie,” baba mdogo alisema, akikohoa. “Sisi tulikuwa tunasema kakakuona, basi. Kaka alipokuja kuposa, shemeji, ulijifunika mtandio mpaka puani. Akarudi kambini akili hana, Mfichauso hivi, Mfichauso vile. Siku moja tukamkuta mnyama chini ya gogo, kajikunja, uso tumboni. Kaka akapiga magoti: ‘Jamani, taratibu, huyu mke wangu.’ Hakuna kumgusa! Tulicheka mpaka msumeno ukatuponyoka. Wapasua mbao wakalibeba hilo jina, leo hata watoto wa huku hawajui jingine.”

Machozi yalimshuka mama mpaka kidevuni, hakuyafuta.

“Si angeniambia tu,” alisema. “Mdomo alikuwa nao.”

“Alidhani unajua, shemeji.”

Mchora vibao akachovya brashi. Safari hii dada mtu ndiye aliyeushika ubao usitikisike, pua inamchuruzika, hana mkono wa kuipangusa. Herufi za Mfichauso zikatoka moja moja, nyeusi, zimenyooka.

“Tuweke na ua pembeni, mama?”

Mama hakumsikia. Alikuwa ameinamia simu.

“Shemeji, hao wanyama bado wapo huko?”

“Mmoja mmoja. Msitu wenyewe umebaki kipande.”

Akasimama, akajifunga mtandio, akawageukia wanawe.

“Nipelekeni nikamwone. Leo hii.”