Mbuzi wa Noeli Aliyevuliwa Ziwani

Kama unafikiri mwanaume hawezi kukonda mbele ya chungu kilichojaa samaki, basi wewe hujaishi ndani ya mtumbwi mmoja na mama mkwe wako. Josaphat alikuwa ameishi, na shingo yake ilikuwa imeanza kufanana na ya korongo.

Ilikuwa vita ile ya pili, ya huku kwetu. Kanyere aliteremka kutoka baridi ya Butembo kuja kusalimia binti yake Élise, Kyavinyonge, kando ya ziwa. Kabla hajamaliza kukunja sweta yake, askari wakaingia. Watu wakarukia mitumbwi. Tangu hapo waliishi majini, wamejificha ndani ya mafunjo: Élise katikati na jiko lake la makaa, Josaphat nyuma na kasia, Kanyere mbele, amekalia nyavu kama gavana.

Joto walilizoea, viboko wakawazoea wao. Shida ilikuwa heshima. Kwao, mume wa binti hali chakula mbele ya mama mkwe mpaka ampe mbuzi wa kufungua kinywa, shahidi akiona. Mama hukata ini, humpa kwa mkono wake, na toka siku ile wanakula pamoja. Josaphat alikuwa amemnunua mbuzi huyo. Askari walimla kabla kinywa chochote hakijafunguliwa.

Basi kila chakula alijifunika kitenge cha mke wake, akimeza kama mwizi. Kanyere akikohoa tu, tonge linaanguka. Na Kanyere, tuseme ukweli, alipenda kukohoa.

Asubuhi ya Noeli, jirani yao Malachie akasogeza mtumbwi wake, sauti chini.

— Basoda na bunduki zabo banakata mafunjo kwa upande wa nchi kavu. Leo tuvuke ng'ambo, ao batatukamata kama bata.

Josaphat akashika kasia. Akavuta mara chache, likamponyoka. Élise akalidaka. Kanyere, mwanamke anayecheka hata matangani, safari hii hakucheka. Kuvuka na upepo uliokuwa ukivuma kulitaka mwanaume aliyeshiba.

— Élise, ambia bwana yako akule.

— Élise, ambia mama nimeshiba, akajibu Josaphat, akitazama maji.

— Élise, ambia bwana yako uongo siku ya kuzaliwa kwa Yesu iko zambi mara mbili.

— Mais miye iko radio ya nani hapa? akafoka Élise.

Kanyere akainama kwenye wavu uliotegwa kando ya mtumbwi, akaanza kuuvuta. Akatoa kambare mnene, mrefu kama mguu wa mtoto, sharubu zikicheza.

— Papa Malachie, angalia kidevu. Hii iko na nini?

— Ndevu.

— Tilapia iko na ndevu?

— Hapana.

— Nyama gani iko na ndevu?

Malachie alikuwa Mwadventista. Toka ubatizo wake hakugusa samaki asiye na magamba, kama kambare. Akaona mtego, lakini akaona pia chungu.

— Mbuzi. Mais, mama, mbuzi inacheua!

— Na hii inafanya nini?

Kambare alikuwa akifungua kinywa na kufunga, kufungua na kufunga.

— Donc ni mbuzi, akasema Malachie taratibu. Na kama ni mbuzi, dini hainikatazi. Munipatie mguu.

— Mguu ya mbuzi ya maji inabakia ndani ya maji, papa. Wewe tutakupa pembe.

Kicheko kikatoka hata kwenye mitumbwi ya mbali, ndani ya mafunjo. Kanyere akampitishia Élise yule kambare, ili ampe mumewe; mkwe atoe mwenyewe, kwa mikono miwili. Josaphat akamkumbatia samaki, mara ateleze, mara ampige mkia mashavuni. Alitazama samaki. Alitazama shahidi, Malachie. Mwisho akapiga magoti, mtumbwi ukayumba.

— Mama, mbuzi yako hii. Ya kwanza basoda balinikulia.

— Mbona hailie?

Kisha kutoka kwenye ile shingo ya korongo:

— Mee.

Kanyere alicheka mpaka machozi. Akapasua, akatafuta ini, dogo kama ukucha, akalipitisha juu ya makaa, akaliweka kwenye kiganja cha mkwe wake. Josaphat akala, kichwa wazi, kitenge kimekunjwa. Élise akaomba Mungu abariki mbuzi, akageuza bugali. Josaphat akamaliza tonge lake, na la mkewe, na lile ambalo Malachie alikuwa analitazama.

Halafu wakatoka kwenye mafunjo. Kasia lilizama na kuinuka, maji yakapasuka kama kitambaa. Katikati ya ziwa, upepo ukiwapiga usoni, Josaphat akaita, bila kupitia kwa mtu:

— Mama! Kichwa ya mbuzi imebakia?

— Imebakia.

— Batu basiiguse. Tukifika, miye nayo.

— Vuta kasia, mwanangu, akasema Kanyere. Haiogelee tena.