Dawa ya Eleuterio

Nicanora alikuwa akigeuza mboji kwa koleo, maganda ya kahawa na kinyesi cha kuku vikifuka mvuke, pikipiki ya mkaguzi ilipopanda mlima ikikohoa. Ndiyo kwanza atoke kitandani. Homa ilikuwa imemlaza muda mrefu. Hata hivyo alijifuta mikono kwenye aproni, akanyoosha mgongo.

Alilionea fahari shamba lile. Tangu awe mjane, hakuna tone la sumu lililoangukia mibuni yake. Palizi ilikuwa ya panga na mikono, na mbolea ndiyo hiyo aliyokuwa akiigeuza. Chama cha wakulima kiliiita kahawa yake kahawa hai, na bei ya kahawa hai ndiyo iliyokuwa ikimsomesha binti yake ualimu mjini.

"Mama Nicanora, bado mzima?" aliita Osmin, mkaguzi wa chama.

"Mzima, mwanangu. Kifo kilipita hapa, kikaona nina kazi."

Wakateremka pamoja chini ya migomba. Karibu na kijito Osmin akasimama. Nyasi zilikuwa za manjano, zimeungua kwa mistari iliyonyooka, kana kwamba zimemwagiwa maji ya moto. Majani ya mibuni ya hapo yalikuwa yamejikunja.

"Hii nini, mama?"

Nicanora aliinama, akang'oa unyasi mmoja. Hakuwa amefika huku tangu augue.

Wakati huohuo Eleuterio akatokea njiani na bakuli la mchuzi wa kuku, amelifunika kwa kitambaa. Huyu alikuwa jirani na kompadre wake. Ndiye aliyembeba binti yake siku ya ubatizo, na katika vilima vile udugu huo hauvunjwi.

"Komadre, umeinuka! Na shamba umeliona? Hata ahsante sijaisikia!" Alicheka kwa furaha. "Magugu yalikuwa yanakumalizia mibuni. Nikabeba bomba langu, nikapiga dawa. Tena ile kali, niliyokuwa nimeyawekea mahindi yangu."

Osmin akapiga mluzi. "Basi. Muhuri wa kahawa hai huupati tena mpaka miaka mitatu ipite, mama. Unaanza upya."

"Kwa dawa tu?" Eleuterio alishtuka. "Shamba la tajiri kule bondeni linanyunyiziwa kwa ndege, na hakuna anayemuuliza!"

"Yeye haombi muhuri."

Kisha Osmin akashusha sauti. "Lakini mimi goti linaniuma, mama. Naweza kuandika kwamba huku chini sikufika. Na yule jogoo wako mwekundu amenona kweli."

"Mpe, komadre!" Eleuterio alimsihi. "Nitakuletea wawili!"

Nicanora alimfikiria binti yake, aliyebakiza mwaka mmoja tu. Akawafikiria na Tomasa na Visitación, wanachama wenzake, ambao kahawa yao humwagwa ghala moja na yake. Wanunuzi wa ng'ambo wakiigundua sumu, wote watarudishiwa mzigo.

"Nikikupa jogoo," alisema, "nyasi hizi zitarudi kijani? Andika ulichokiona."

"Nyinyi watu wa milimani mna kiburi."

"Ndicho kinachoota huku bila dawa, mwanangu."

Pikipiki ilipotokomea, Eleuterio aliketi chini, akaficha uso kwenye kofia. "Nimekuua, komadre. Nimemuua na mwanangu wa ubatizo."

"Hujaua mtu. Nilipolala, nani mwingine alilikumbuka shamba langu?" Alimpokonya bakuli, akanywa mchuzi palepale, akiwa amesimama. "Chumvi umeizidisha. Ila lile bomba, kompadre..."

"Nalitupa leo hii!"

"Usilitupe kijitoni tu!"

Eleuterio akacheka huku machozi yakimtoka.

Binti alirudi nyumbani kabla ya kumaliza masomo, ada imekosekana. Msimu ulipofika, yeye, mama yake na Eleuterio walichuma pamoja. Nicanora alitaka safu za juu zichumwe peke yake na zile za chini, zilizoungua, peke yake, zianikwe mbalimbali, zitiwe magunia mbalimbali.

"Ya nini magunia haya mafungu mawili?" aliuliza dalali aliyenunua kahawa isiyo na muhuri pale barabarani.

"Hii hai. Hii ilipigwa sumu. Nakwambia ujue."

Dalali alipiga miayo. Akayamwaga magunia yote kwenye lundo moja, kwa bei moja. Nicanora akakung'uta magunia yake matupu, akayakunja, kila moja peke yake.